Damu ya Mandawa na Mashine ya Wote

Saitometria ya mtiririko ni njia ya kuhesabu na kuchambua seli kwa kuzipitisha moja moja mbele ya mwanga wa leza. Maabarani hufupishwa na kuitwa "flo". Hospitalini wengi waliijua kwa kazi yake moja tu, wakaiita "mashine ya CD4". Mafunzo ya kuitumia huandikwa kwenye ratiba kuwa ni ya siku tatu au nne. Muda wake halisi hutegemea mambo mawili: mashine, ambayo tabia zake zimeelezwa kwenye kitabu cha maelekezo, na watu wanaoigawana, ambao hawajaandikiwa kitabu. Kwa kuwa mashine yenyewe haiko kijijini, ni vyema kufuata safari ya mrija mmoja wa damu kutoka kata ya Mandawa, wilayani Ruangwa, hadi kwenye maabara ya pamoja, na kutazama mrija huo unapatwa na nini mikononi mwa wanaojifunza.

Kanuni ya mashine haimpi shida mtu aliyewahi kupeleka korosho ghalani. Kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, magunia hayapandi kwa mkupuo. Hupanda moja, likasomwa, likaandikwa, likashuka. Flo huzifanyia seli vivyo hivyo. Sampuli husukumwa katikati ya mkondo wa maji ya chumvi yanayokwenda kasi, mkondo huo ukaibana mpaka seli zikajipanga mstari mmoja, na kila seli ikapita mbele ya leza, maelfu kwa sekunde. Mwanga unaoendelea mbele hueleza ukubwa wa seli; ule unaotawanyika pembeni hueleza wingi wa chembechembe zilizomo ndani yake. Kwa vipimo hivyo viwili peke yake, seli nyeupe za damu hujigawa kwenye skrini mafungu matatu: limfosaiti, monosaiti na granulosaiti. Seli mbili zikishikana na kupita pamoja, mashine huzisoma kama seli moja nene. Karani wa mizani hulijua kosa hilo: magunia mawili yamepanda pamoja, na mwenyewe amenyamaza.

Zaidi ya hapo huhitajika rangi. Kingamwili zilizotengenezwa kushika alama fulani juu ya seli, kama CD4 au CD8, hufungwa rangi inayong'aa inapopigwa na leza. Mojawapo ya rangi hizo, fikoeritrini, hutolewa kwenye mwani mwekundu. Mwani unaolimwa Zanzibar na kwenye fukwe za Kilwa nao ni wa kundi la mwani mwekundu, ingawa hauendi kwenye kazi hiyo, na bei ya kichupa kimoja cha kingamwili yenye rangi ya fikoeritrini haifai kutajwa mbele ya akina mama wanaouanika.

Historia ya chombo hiki si ndefu. Wallace Coulter, Mmarekani, alipata hataza ya kuhesabu chembe kwa umeme mwaka 1953. Mwaka 1968 Wolfgang Göhde, wa Münster nchini Ujerumani, alibuni mashine inayosoma mng'ao wa rangi, na karibu wakati huo huo kundi la Leonard Herzenberg katika Chuo Kikuu cha Stanford lilikuwa likitengeneza yake, yenye uwezo wa kutenga seli kwa rangi. Kisha mwaka 1975 Köhler na Milstein wakaonyesha jinsi ya kutengeneza kingamwili za aina moja bila kikomo, na mashine ikapata chakula.

Tanzania iliifahamu kwa wingi baada ya mpango wa taifa wa dawa za kufubaza VVU kuanza mwaka 2004. Wakati huo hesabu ya seli zenye CD4 ndiyo iliyomfungulia mtu mlango wa dawa. Kizingiti kilikuwa seli 200 kwa mikrolita moja ya damu, baadaye Shirika la Afya Duniani likakipandisha hadi 350, mwaka 2013 kikawa 500, na mwaka 2015 shirika hilo likasema kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri hesabu. Mashine zikapunguziwa foleni ya wagonjwa, zikabaki na foleni ya watafiti, ambayo ina maneno mengi zaidi. Majaribio ya chanjo ndiyo yaliyozihitaji hasa: la VVU lililoanza Dar es Salaam mwaka 2007 kwa wajitoleaji 60 kutoka Jeshi la Polisi, na la chanjo ya malaria yenye vimelea vilivyodhoofishwa lililoanza Bagamoyo mwaka 2014. Katika majaribio ya namna hiyo haitoshi kujua seli ni ngapi. Hutakiwa kujua zinafanya nini zikichokozwa, na swali hilo huhitaji rangi nyingi, mirija mingi na watu waliofunzwa.

Sababu ya kugawana mashine ni fedha. Bei yake ni ya nyumba, na matunzo yake kwa mwaka ni ya kodi ya nyumba hiyo. Mradi mmoja ukiinunua peke yake, huitumia wiki sita na kuifunika shuka miaka mitatu. Wilaya ya Nachingwea, jirani ya Ruangwa, inafahamu kisa cha mashine zilizotangulia mipango. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga, wakaleta matrekta, wakafyeka pori na kujenga reli kutoka pwani hadi huko. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na baadaye hata reli ikang'olewa. Matrekta yalikuwa mazuri. Hakuna aliyekuwa ameiuliza ardhi, wala mvua, wala waliozaliwa hapo. Maabara ya pamoja huwekwa ili kosa hilo lisirudiwe kwa umbo dogo lenye leza: mashine moja, msimamizi mmoja anayeijua, na watafiti wengi wanaoipata kwa zamu.

Zamu huandikwa kwenye daftari, au kwenye kalenda ya kompyuta ambayo nakala yake iko kwenye daftari. Somo la kwanza la mafunzo kwa hiyo si leza bali daftari, na wanaofeli hapo ni wengi kuliko wanaofeli kwenye leza. Wapo wanaojiandikia wiki nzima "kwa tahadhari" na kutokea Ijumaa. Wapo wanaofika na mirija mitatu mkononi wakati mwenzao yuko katikati ya mirija arobaini, na kusema kwa sauti ya upole kwamba yao ni ya dakika tano tu. Dakika tano za flo hazijawahi kuonekana na mtu yeyote. Wapo pia wakubwa ambao hawajiandiki kabisa, kwa imani kwamba cheo chao kinasomeka mlangoni. Msimamizi mwenye busara hamkatalii mkubwa. Humwambia, "Karibu sana profesa, mashine inaoshwa," na kuiosha kweli mpaka zamu ya mkubwa huyo ipatikane kihalali.

Wakati hayo yakiendelea mjini, damu iko Mandawa. Utafiti wa afya si mgeni huko. Miaka ya 2000, Ruangwa na Nachingwea zilikuwa miongoni mwa wilaya tano za mikoa ya Lindi na Mtwara, pamoja na Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba, ambako watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara na washirika wao walipima mpango wa kuwapa watoto wachanga dawa ya SP ya malaria siku zao za chanjo. Watu wa eneo hili hawashtuki wakimwona mtu mwenye fomu na begi. Mtu mwenye sindano ni habari nyingine. Hadithi za mumiani, anayedaiwa kunyonya watu damu na kwenda kuiuza, hazijafa pwani yote hii, na mtafiti anayejibu wasiwasi huo kwa kueleza kwamba damu itapelekwa mbali, itiwe rangi, kisha ipitishwe tone kwa tone mbele ya taa kali, hajasaidia chochote. Wahudumu wenyeji hueleza vizuri zaidi. Mililita tano ni kijiko kimoja cha chai, inakwenda kuangalia askari wa mwili, majibu yatarudi. Sehemu ya mwisho ya ahadi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoulizwa mtafiti anapoonekana tena.

Damu hutiwa kwenye mrija wenye kifuniko cha zambarau, ambamo mna EDTA ya kuizuia isigande. Mrija hutakiwa kupinduliwa taratibu mara nane hadi kumi. Neno "taratibu" halisikiwi na kila mtu. Wako wanaoutikisa kwa nguvu, wakapata damu iliyopasuka seli nyekundu, na wako wasioupindua kabisa, wakapata bonge. Bonge hilo halionekani kwa macho ya haraka. Litaonekana saa thelathini baadaye, ndani ya mashine, kwenye zamu ya mtu mwingine.

Kisha hufuata lebo. Mkoa wa Lindi una kata mbili zinazoitwa Mandawa, moja wilayani Kilwa na nyingine Ruangwa. Mrija ulioandikwa "Mandawa 14" bila wilaya ni mrija wa mahali ambapo hapajulikani, na sanduku lenye mirija kumi na minne kutoka kila Mandawa ni mtihani ambao leza haiwezi kuusahihisha. Majina ya watu hayasaidii. Kwanza hayaruhusiwi, kwa sababu mshiriki wa utafiti hutambuliwa kwa namba ili siri yake itunzwe. Pili, hata yangeruhusiwa, kusini kuna akina Hamisi Saidi na Saidi Hamisi wa kutosha kujaza friji. Namba, wilaya, tarehe na saa ya kutoa damu: hayo manne huandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika. Wino wa kawaida huyeyuka kwa spiriti, na spiriti ndicho kitu cha kwanza ambacho mtu msafi hufutia mrija anapoupokea. Maabara nyingi zimewahi kupokea kwa heshima zote mirija safi, inayong'aa, isiyo na jina wala namba.

Suala la joto ndilo lililoharibu damu nyingi kuliko yote, na limeiharibu kwa huruma. Kitabu cha maelekezo kinasema damu ya kipimo cha CD4 ikae kwenye "joto la chumba" na itiwe rangi ndani ya saa 48. Kitabu kiliandikwa kwenye chumba kingine. Chumba chake ni nyuzi 20 hadi 25. Chumba cha Ruangwa mchana wa Novemba, kabla mvua hazijakolea, hupita nyuzi 30 bila kuomba ruhusa. Msafirishaji anayeiona damu ikitokwa jasho huihurumia, akaiweka kwenye kasha lenye barafu, ikiegemea barafu yenyewe, pamoja na soda zake mbili. Mwingine, aliyechelewa basi, huilaza kwenye friza ya duka ili isiharibike. Damu nzima ikiganda kwa baridi seli hupasuka. Kinachofika maabara ni supu nyekundu isiyo na wa kuhesabiwa. Njia sahihi haina ushujaa: kasha lisilo na barafu ya kugusana na mirija, kipimajoto ndani, kivulini, na mtu anayejua kwamba abiria huyu hatakiwi kupoa wala kupata moto. Kwenye bodaboda kasha hufungwa kifuani mwa abiria, si nyuma ya pikipiki, maana barabara ya vumbi huisukasuka damu kuliko mashine yoyote ya kusukasuka.

Mrija ukifika salama, mkufunzi na wanafunzi wake huanza kazi ya kutia rangi. Hapa mambo ni ya mkono. Kiasi kidogo cha damu huwekwa kwenye mirija, kingamwili zikaongezwa kwa mikrolita, mchanganyiko ukakaa gizani kwa dakika 15 hadi 30, seli nyekundu zikayeyushwa, seli zilizobaki zikaoshwa. Giza ni la lazima kwa sababu rangi nyingi hufifia kwenye mwanga, na zile zilizounganishwa mbili kwa moja huvunjika, kisha zikasomwa kama rangi tofauti. Mwanafunzi hufunika mirija kwa karatasi ya aluminiamu, akaifunua kila dakika mbili kuona kama bado imefunikwa.

Makosa ya pipeti ni ya kawaida na hayana haja ya kuorodheshwa. Linalostahili kutajwa ni moja. Mikrolita tano za kingamwili hazionekani vizuri, hivyo baada ya simu kuita katikati ya kazi hakuna anayeweza kuapa kama mrija wa saba umetiwa au haujatiwa. Wanaoamua kuutia tena "kwa usalama" hupata mgonjwa anayeng'aa kuliko wote wilayani. Wanaoamua kuuacha hupata mgonjwa asiye na kinga hata kidogo, aliyeonekana mara ya mwisho akibeba gunia la mbaazi. Dawa yake ni kuuhamisha kila mrija safu ya nyuma ukishatiwa, na kuizima simu. La kwanza hukubaliwa na wote.

Kuwasha mashine kuna utaratibu wake. Hutazamwa dumu la maji ya chumvi kama limejaa, na dumu la taka kama ni tupu na limetiwa jiki. Ndipo mashine huwashwa, leza ikaachwa nusu saa itulie, mapovu ya hewa yakatolewa kwenye mirija ya ndani, na shanga za kupimia zikapitishwa. Shanga hizo ni vijipira vya plastiki vya ukubwa na mng'ao unaojulikana. Zikisomeka zilivyosomeka jana, mashine ni ile ya jana. Zisiposomeka hivyo, siku ya kazi imegeuka siku ya ufundi, na hakuna njia ya mkato, ingawa kila darasa lina mtu wa kupendekeza kwamba shanga ndizo zilizoharibika.

Madumu hayo mawili hufunza tabia ya binadamu kuliko sehemu yoyote ya mashine. La maji likiisha, mashine huvuta hewa na kusoma mapovu kama seli. Mapovu hayana CD4, lakini ni mengi na yana bidii. La taka likijaa, kengele hulia. Mwanafunzi wa siku ya kwanza huuliza kengele inasema nini. Wa siku ya pili huizima. Mwenye zamu ya saa tano husema dumu lilijazwa na wa saa tatu, wa saa tatu husema alilikuta hivyo, na ukifuatwa mnyororo huo nyuma kwa uaminifu utafika kwa aliyeisimika mashine. Maabara zenye amani zimeacha kutafuta mwenye hatia: anayemaliza humwaga, hata kama ameongeza kikombe kimoja.

Umeme nao una darasa lake. Mashine huchomekwa kwenye UPS, yaani betri ya akiba, ili umeme ukikatika iwepo nafasi ya kuizima kwa heshima kabla jenereta haijawaka. UPS ina soketi za ziada. Soketi tupu katika maabara ya pamoja haikai tupu, na birika la chai huvuta umeme mwingi kuliko leza. Umeme ukikatika, UPS hutoa kilichomo kwa usawa bila kubagua, chai ikachemka, mashine ikafa katikati ya mrija wa thelathini na mbili. Baada ya tukio la namna hiyo hubandikwa karatasi yenye herufi kubwa. Karatasi hudumu mpaka plasta yake ianguke kwa unyevu wa kiyoyozi.

Sampuli inapoanza kupita, ndipo lile bonge la Mandawa hujitambulisha. Seli hutakiwa kuchujwa kwenye wavu wa nailoni wenye matundu ya mikromita 40 hivi. Mwanafunzi mwenye haraka huona wavu kuwa ni gharama. Idadi ya seli kwa sekunde hushuka, ikashuka tena, ikafika sifuri. Mwanafunzi huongeza kasi ya kusukuma, jambo linalolipeleka bonge ndani zaidi.

"Mkuu, mashine imegoma," husema.

"Ulichuja?"

Kimya kinachofuata hutafsiriwa na msimamizi bila msaada. Dakika arobaini za jiki na maji hufuata, zikikatwa kwenye zamu ya mwingine, ambaye mirija yake imechujwa vizuri na inazidi kuzeeka juu ya meza.

Mlango wa kitaalamu kweli ni fidia ya rangi. Rangi hazing'ai kwa mstari mnyoofu. Ya kijani humwagikia upande wa chungwa, ya chungwa ikamwagikia upande wa nyekundu, na kipokezi hakijui kilichopokea ni cha nani. Ili kupunguza umwagikaji huo kwa hesabu, huandaliwa mirija yenye rangi moja moja, na mmoja usio na rangi kabisa. Mirija hiyo haitoi jibu lolote la utafiti, hivyo mtu anayebana matumizi huanza kubana hapo. Matokeo yake ni kwamba seli zilizoshika rangi moja huonekana zimeshika mbili. Limfosaiti nyingi za damu huwa na CD4 au CD8, na zenye zote mbili ni chache sana. Mwanafunzi aliyeruka fidia huzikuta tele, kata nzima. Ugunduzi wa namna hii hutokea karibu kila mafunzo, hasa mchana, na hudumu mpaka mkufunzi arudi kutoka kula. Wakati mwingine huwa umeshatumwa kwa msimamizi wa tasnifu.

Baada ya kukusanya data huja kazi ya kuweka geti, yaani kuchora duara kwenye skrini kuzunguka fungu la seli linalotakiwa na kuziacha nyingine nje. Duara ni la mkono, na mkono una matumaini. Likisogezwa kidogo kulia, chanjo imefanya kazi. Likisogezwa kushoto, imeshindwa. Ndiyo maana wakufunzi husisitiza geti lichorwe kwa mirija ya udhibiti, hasa ule wenye rangi zote isipokuwa moja, kabla sampuli za washiriki hazijafunguliwa. Likishachorwa liachwe. Mtafiti anayerudia kuchora geti saa nne usiku, peke yake, taa zikiwa zimezimwa, hachambui tena damu ya watu wa Mandawa. Anachambua muda uliobaki kwenye ufadhili wake.

Kuhusu kuhifadhi data, maelezo machache yanatosha. Faili huitwa kwa tarehe na namba ya mradi. Kompyuta za maabara za pamoja zimejaa faili zinazoitwa "jaribio", "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho kabisa 2", na ya mwisho kwa tarehe huwa ni "jaribio". Flashi za mitaani haziruhusiwi, kwa kuwa mashine iliyonunuliwa kuchunguza virusi vya watu imewahi mara nyingi kulazwa kitandani na virusi vya kompyuta vilivyotoka kwenye flashi yenye nyimbo na picha za harusi.

Kinachobaki ni usafi, na usafi ndio unaotenganisha aliyefunzwa na aliyehudhuria mafunzo. Mashine huoshwa kwa kupitisha jiki iliyozimuliwa kwa dakika tano, kisha maji safi kwa dakika tano au zaidi. Jiki bila maji hula mirija ya ndani; maji bila jiki huacha protini na rangi ambazo zitaonekana kesho kama seli za mtu mwingine. Dakika kumi hizo ni ndefu kuliko zote za siku, kwa sababu huja wakati majibu yameshapatikana na basi la jioni linapiga honi. Anayeziruka huandika kwenye daftari "Mashine iko sawa", na kwa saa hiyo anasema kweli. Usiku chumvi hukauka ndani ya mashine. Asubuhi aliyewahi zaidi, ambaye kwa kawaida ndiye mwangalifu kuliko wote, huikuta imeziba, na adhabu ya mzembe humwangukia mpole. Hapa ndipo ulipo ugumu wote wa maabara ya pamoja. Leza inaeleweka kwa mchana mmoja, fidia ya rangi kwa wiki, lakini kuosha chombo ambacho kesho atakitumia mtu usiyemjua huchukua muda ambao ratiba ya mafunzo haijawahi kuutenga.

Kwa sababu hiyo maabara zilizokomaa hazimthibitishi mtu kwa mtihani wa maandishi. Mwanafunzi hutazama kwanza mwingine akifanya kazi. Baadaye hufanya mwenyewe akitazamwa. Mwisho hufanya peke yake msimamizi akiwa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi na masikio pia. Anayezima mashine, akamwaga taka, akajaza maji na kuandika ukweli kwenye daftari bila kukumbushwa, huyo huwekwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kujiandikia zamu. Mara nyingi ni katika mwezi huo huo ambapo mradi wake huisha, akapata kazi mkoa mwingine, na msimamizi akaanza upya na kundi jipya. Wachache hurudi kama wakufunzi. Hao hutambulika kwa jinsi wanavyoliangalia dumu la taka kabla ya kusalimia.

Anayepangiwa mafunzo saa mbili asubuhi anaombwa afike saa moja na nusu, leza ipate nusu saa yake. Aje na kalamu ya wino usiofutika, aiache nyumbani flashi yenye nyimbo, na kwenye kila mrija aandike wilaya.